Acheni Watoto Wachezee Chakula

Kuna kauli ambayo kila mtoto wa Nachingwea na Ruangwa, huku kusini mwa Tanzania, ameisikia kabla hajajua kuhesabu hadi kumi: chakula hakichezewi. Mama huitamka akiona kidole kimepita kwenye mchuzi. Baba huitamka akiona tonge la ugali limegeuka ng'ombe mwenye pembe. Bibi, ambaye ndiye aliyewafundisha wote wawili, huitamka kwa sauti ya wosia. Anayeisema hangoji jibu, maana anaamini amesema jambo lisilojibika. Mimi nalijibu. Kauli hiyo si kweli, haikuwa kweli hata zamani za hao bibi zetu, na inawadhuru watoto kwa namna ambayo hatutaki kuitazama.

Nimechagua kuyasema haya mwishoni mwa Oktoba. Huu ndio wakati simu zetu zinapojaa picha za familia za Marekani na Uingereza zikisherehekea Halloween: boga lililotobolewa macho na meno likawekewa taa ndani, soseji iliyoviringishiwa kanda za unga ikafanana na maiti za Misri ya kale, yai la kuchemsha lililogeuzwa jicho, ndizi nusu iliyosimamishwa kwenye sahani na kuwekewa macho mawili ikawa mzimu. Mzazi na mtoto wako kwenye meza moja, unga umewajaa hadi viwikoni, wanacheka. Sisi tukiziona picha hizo tunajibu kwa namna mbili. Wapo wanaosema huo ni ushetani wa Wazungu. Wapo, na hawa ndio wengi, ambao habari ya shetani hawaigusi. Wao husema hao wameshiba, ndiyo maana wanachezea chakula. Wa kwanza nitawajibu kwa ufupi. Wa pili wanastahili jibu refu, kwa sababu wana maumivu ya kweli nyuma ya maneno yao.

Tarehe 31 Oktoba ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote katika kalenda ya Kanisa. Michezo ya usiku huo ilitoka Ireland na Scotland, ambako watu walichonga sura za kutisha kwenye tanipu, mzizi mnene wa kule kwao. Wahamiaji wa Ireland, wengi wao wakiikimbia njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845 viazi vilipooza mashambani, walipofika Marekani walikuta maboga, makubwa kuliko tanipu na mepesi kuchonga. Hiyo ndiyo historia ya lile boga lenye meno. Mzazi ambaye imani yake haitaki sherehe hiyo nyumbani kwake, awe Mwislamu au Mkristo, ana haki kamili, na simwombi aifanye. Hatuhitaji jina lake, wala nguo zake, wala tarehe yake. Ninachokitaka ni kile kilichomo ndani yake: mtu mzima na mtoto kukaa jikoni pamoja, wakatengeneza chakula cha kuchekesha au cha kutisha, kisha wakakila.

Na anayelikataa jambo hilo kwa sababu ni la kigeni asiishie njiani. Boga lenyewe asili yake ni Amerika. Muhogo umetoka huko, karanga zimetoka huko, mahindi yametoka huko. Mkorosho, mti unaotusomeshea watoto, Wareno waliuleta kutoka Brazil. Ukiondoa kwenye sahani ya Ruangwa kila kilichovuka bahari utabaki na kunde, mtama, njugu mawe, ming'oko na majani ya porini. Wazee wetu hawakuuliza mbegu imezaliwa wapi. Walipanda, wakajaribu, wakakosea, wakaonja tena, mpaka kisamvu cha karanga kikawa chakula ambacho mtu wa kusini akiwa mbali hukiota usiku. Watu waliopokea mimea yote hiyo hawawezi kushindwa kupokea mchezo mmoja wa jikoni.

Hata kutisha kwenyewe hatukujifunza kwa Wazungu. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala, akakuta wachezaji wa ngoma waliovaa barakoa za mbao na wengine wanaotembea juu ya miti mirefu, akakusanya barakoa hizo akazipeleka kwao. Ngoma ya mapiko ya Wamakonde inajulikana dunia nzima kwa sura zake za kutia hofu. Watoto wa kusini wameijua raha ya kuogopa huku uko salama, miguu ikikimbia na mdomo ukicheka, vizazi vingi kabla ya filamu yoyote. Na majirani zetu Wayao, katika mafunzo ya jando, walichora wanyama ardhini kwa udongo na unga ili vijana wafundishwe kwa kutazama. Unga. Kitu kile kile tunachomkataza mtoto asikiguse.

Sasa nije kwa wale wa pili, wanaosema hao wameshiba.

Anayesema chakula hakichezewi huku kusini mara nyingi ameijua njaa. Anaikumbuka miezi ya mvua za kifuku, ghala limebaki vumbi, mahindi mapya bado yako shambani, na mama anapima unga kwa kikombe huku akitazama vichwa vya watoto akihesabu. Aliyepita hapo akiona mtoto anamwaga chakula, moyo unamruka. Simcheki mtu huyo na sitaki mtu yeyote amcheke. Hoja yake ni kwamba chakula kina heshima. Nakubaliana naye kabisa. Anapokosea ni pale anapodhani kwamba heshima ya chakula ni mtoto kukaa kimya mbele yake.

Kwanza, mchezo ninaousema haumwagi kitu. Hapo ndipo ninapowaacha Wamarekani. Wao huchonga maboga yao kwa mamilioni, huyaweka barazani kwa siku chache, kisha mengi sana hutupwa. Hilo ni baya na tusiliige. Boga la Nachingwea halina cha kutupa, na mtoto ndiye wa kulijua hilo kwa mikono yake. Chukua boga dogo, mtu mzima alikate kifuniko. Mtoto aingize mkono achote mbegu. Utelezi ule peke yake ni kicheko cha dakika kumi. Mbegu zioshwe, zianikwe kwenye ungo, kesho zikaangwe na chumvi kidogo. Mtoto achore uso kwa mkaa, mtu mzima akate macho na mdomo kwa kisu, vipande vilivyokatwa viingie sufuriani pamoja na boga lenyewe. Likiiva linatoka na uso wake, linatoa mvuke kwa macho na kwa mdomo, na watoto wanagombania nani aanze na shavu. Linabaki kikonyo tu. Nioneshe chakula gani kimedharauliwa hapo.

Pili, sisi tunakula kwa kuchezea, ila tumezoea mno hata hatuoni. Tazama mtu anavyokula ugali. Anamega, anaviringisha kiganjani, anabonyeza kwa kidole gumba mpaka kinatokea kishimo, anachota mchuzi wa mbaazi, anapeleka kinywani. Hakuna tonge linaloliwa bila kufinyangwa kwanza. Mtoto anayelipa tonge lake pembe na mkia ameongeza hatua moja tu kwenye kazi ambayo baba yake anaifanya mara hamsini kila mlo.

Tatu, na hapa ndipo uchungu wangu ulipo, ukimya huo haujawalisha watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2015 hadi 2016 ulionyesha asilimia 34, kwa hiyo tumesogea, lakini kidogo. Ukitafuta ni wapi hali ilikuwa mbaya zaidi, hukuti nchi kame. Unakuta Iringa, karibu asilimia 57, kisha Njombe na Rukwa, karibu nusu ya watoto. Hayo ndiyo maghala ya nchi. Mahindi yapo, maharage yapo, maparachichi yapo. Udumavu una sababu nyingi, maji machafu, malaria, minyoo, mama aliyezaa akiwa bado mtoto, mama anayeshinda shambani bila mtu wa kumwachia mwana, na sitaubebesha wote juu ya kauli moja. Lakini takwimu hizo zimelivunja wazo kwamba chakula kikiwepo mtoto atakula. Kuna hatua katikati ya ghala na tumbo la mtoto, na hatua hiyo hatuishughulikii.

Mtoto mdogo hukihofia chakula asichokijua. Ndivyo alivyoumbwa, na huko porini hofu hiyo ingemwokoa asile sumu. Wataalamu wa lishe ya watoto wamejua kwa miaka mingi kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu kipya mara kumi au zaidi kabla hajakikubali, na kwamba kumlazimisha humfanya akichukie zaidi. Wamejua pia kwamba mtoto aliyeshiriki kukitengeneza chakula hukila kwa wepesi zaidi. Mama wa Ruangwa aliyejaliwa watoto watano hana nafasi ya kumbembeleza mmoja mara kumi kwa kisamvu. Anampiga jicho, mtoto anameza vijiko viwili, basi. Lakini mtoto yule yule ukimpa majani ya muhogo ayachambue, akayatia kwenye kinu, akashika mchi pamoja nawe, akanusa, akalamba kidole, amekwisha kukionja chakula hicho mara kumi kabla sahani haijaandaliwa. Mchezo unafanya kazi ambayo fimbo haiwezi.

Wakati fulani jirani mmoja alinikatiza hapa. Akasema, "Mwalimu, wewe nawe, watoto wetu wako jikoni tangu asubuhi, hao wa kwenye simu ndio wanaoingia jikoni kwa picha." Ni kweli wako jikoni. Binti wa miaka tisa wa Nachingwea anajua kuwasha moto, kupepeta, kutwanga, kuteka maji, kuosha masufuria na kumbeba mdogo wake mgongoni wakati wote huo. Naijua kazi hiyo, naiheshimu, na ndiyo inayonitia uchungu. Binti huyo ametumwa mara elfu na hajawahi kuulizwa hata mara moja, leo tufanye nini? Hajapewa kibonge cha unga akaambiwa, hiki chako, kitengeneze utakavyo. Jikoni kwake ni mahali pa amri. Akikua atapika kama anayetumikia kifungo, na binti zake watamrithi.

Kaka yake tumemfanyia vibaya zaidi. Akifika miaka saba anafukuzwa jikoni kwa neno la aibu, aende kwa wanaume. Miaka kumi na miwili baadaye yuko Dar es Salaam kwenye chumba cha kupanga, anakula chipsi mayai asubuhi na jioni, na mbaazi anazoziota hajui hata zinalowekwa muda gani. Sisi ni watu tunaofuata ukoo wa mama, Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao pia. Mtoto wa kiume wa huku ni wa mama yake na wa mjomba wake. Ni ajabu kwamba watu wa namna hiyo tumefunga mlango wa jiko la mama usoni mwa mwanawe.

Na bado watoto hawakukubali. Nyuma ya kila nyumba, kuanzia Mbekenyera hadi Naipanga, wapo watoto wanaojipikilisha. Wana mikebe, vifuu vya nazi, majani yaliyokatwakatwa, mchanga uliopepetwa kuwa unga na udongo uliofinyangwa kuwa maandazi. Wanapika, wanapakua, wanakaribishana. Watu wazima tunapita, tunaona ni jambo jema, watoto wametulia. Tunawaruhusu wapike udongo. Wakitaka kupika unga tunawaambia chakula hakichezewi. Sijui desturi nyingine yetu iliyogeuzwa miguu juu kiasi hicho.

Kwa nini imani hii imeshika mizizi hasa kwetu? Nadhani ni kwa sababu historia imetufundisha kukiona kinachoota shambani kama mzigo wa kusafirishwa. Nachingwea ya leo ilikua kwa sababu ya karanga, na karanga hizo hazikukusudiwa watoto wa Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta baada ya vita, ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na hapa. Misitu ikang'olewa kwa mashine, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikatandikwa kuja Nachingwea. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ikang'olewa. Waingereza walitaka mafuta ya kutengenezea siagi ya mimea ya kupaka kwenye mikate ya kwao. Karanga zilibaki nasi. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimetoa mbegu bora, Pendo mwaka 1998, na nyingine iliyopewa jina la Nachingwea mwaka 2009. Tuna karanga zenye jina letu, na bado mtoto wetu anazijua zaidi ndani ya gunia kuliko ndani ya uji wake.

Korosho ndiyo hivyo zaidi. Oktoba mkulima wa Ruangwa, Nachingwea au Liwale anapeleka korosho ghafi kwenye chama cha msingi, chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kinauza kwenye mnada, na sehemu kubwa ya korosho za nchi hii huondoka na maganda yake kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Msimu wa 2024 minada ya mwanzo huku kusini ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Ni fedha halali na ninaifurahia kwa kila aliyeipata. Lakini nenda dukani wiki ya malipo uone inachonunua kwa ajili ya watoto: biskuti za pakiti, maji ya rangi yenye sukari, vitafunwa vinavyopakwa chumvi na rangi ya machungwa. Mzazi ananunua kwa upendo. Anataka mtoto afurahi. Hapo sasa ndipo kauli ya bibi inapoishia: tukiamini kwamba chakula cha nyumbani ni cha heshima na kimya, furaha ya mtoto lazima itafutwe dukani. Aliyetengeneza pakiti hajawahi kuamini kwamba chakula hakichezewi. Ameweka katuni juu yake, ameweka rangi, amekata vipande maumbo ya nyota na wanyama. Anacheza na mtoto wako kwa sababu wewe umekataa kucheza naye.

Wakati huo huo, chini ya mikorosho, mabibo yanaoza. Bibo moja lina uzito mara kadhaa kuliko korosho yake, na lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Tunakata korosho, tunatupa bibo, au tunaliachia wanaopika pombe. Wabrazil, ambao mti huu ulitoka kwao, wana kinywaji safi kisicho na ulevi wanachokiita cajuína, kinachotokana na maji ya bibo. Sisi tunasema bibo lina ukakasi. Ukakasi hupungua ukilikata vipande ukaviloweka kwenye maji ya chumvi au ukavichemsha kidogo, na hakuna mtu duniani anayeweza kukamua mabibo kwa furaha kama mtoto wa miaka minne. Mpe beseni safi, mwoshe mikono, mvue shati maana doa la bibo halitoki. Rangi ya manjano na nyekundu mnayoilipia dukani ipo shambani kwenu bure, na Oktoba ndiyo kwanza inaanza kudondoka.

Nimeulizwa mbali na boga na bibo kuna nini tena, kama kwamba vya kutisha na kuchekesha lazima vitoke kwenye soseji. Sisi tuna zimwi. Hatumhitaji mzimu wa mtu mwingine. Chemsha muhogo mtamu, kata vipande virefu, pachika nusu ya karanga kwenye ncha ya kila kimoja: hivyo ni vidole vya zimwi na kucha zake, na mchuzi wa nyanya pembeni kila mtoto atajua ni nini bila kuambiwa. Ponda kiazi kitamu, mtoto afinyange popo, masikio yawe vipande vya ganda la kiazi hicho hicho, macho yawe kunde. Ugali wa mtama una rangi ya fisi kabisa. Mpe mtoto ufuta aunyunyizie mgongoni uwe madoadoa, na wakati anafanya hivyo msimulie hadithi ya fisi na sungura. Yai la kuchemsha lililolala katikati ya bakuli la mbaazi za nazi ni jicho linalokutazama. Mama akikanda maandazi, kibonge kimoja kiwe cha mtoto, kiwe mjusi, kiwe herufi ya kwanza ya jina lake. Hakuna hata kimoja hapo kinachoongeza gharama, na vyote vinaliwa. Ningependa sana kumwona mtoto anayeukataa ufuta akiukataa pia ufuta alioupandikiza mwenyewe kwenye mgongo wa fisi.

Kuna hatari, na asiyezitaja hajawahi kuwa na mtoto mdogo karibu na mafiga. Moto, mafuta na kisu ni vya mtu mzima. Karanga nzima na korosho nzima zinaweza kumkaba mtoto chini ya miaka mitano, kwa hiyo mdogo apewe zilizosagwa. Zile kucha za zimwi ni za kaka na dada zake. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, basi ubanguaji wa ghafi asiguse. Lakini sioni hatari hizo zikiwa hoja ya kumfukuza jikoni. Ni hoja ya kukaa naye. Mambo makubwa ambayo mtu wa kusini lazima ayajue kuhusu chakula hupitia mikononi, na nani atampa kama si sisi? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa jirani wa Mtwara ulikumbwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla, kwa sababu katika shida ya ukame watu walikula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa kwa muda wa kutosha. Waliopooza wengine walikuwa watoto. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga nazo huipata. Kuchambua karanga, zile zilizonyauka, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zikawekwa kando, ni mchezo ambao mtoto wa miaka sita anamshinda mtu mzima, maana macho yake ni makali na anapenda kushinda. Mpangie mafungu mawili, nzuri na za zimwi. Atakayejifunza hivyo hatasahau hata akiwa na wajukuu.

Hiyo ndiyo heshima ya chakula ninayoitambua: kujua kimetoka wapi, kipi kinaua, kipi kinaponya, kinavyonuka kikiwa kizima na kinavyonuka kikiharibika. Mtoto aliyefundishwa kunyamaza mbele ya sahani hajui hata kimoja. Anajua kuogopa, na mwogopaji akipata uhuru na shilingi mia tano mfukoni anakimbilia dukani.

Neno langu la mwisho ni kwa halmashauri zetu mbili, Nachingwea na Ruangwa. Kila robo mwaka tunafanya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Watoto wanapimwa uzito na urefu, na mahali pengi hufanyika mapishi darasa: sufuria katikati, mtoa huduma akieleza makundi ya chakula, akina mama wamezunguka. Watoto, ambao siku yote hiyo imeandaliwa kwa ajili yao, wamefungwa migongoni au wamekatazwa kusogea. Naomba ibadilishwe. Watoto kuanzia miaka mitatu waoshwe mikono na wakae mstari wa kwanza, na akina baba waitwe nao, wasiachwe kijiweni. Kila mtoto apewe kibonge chake cha unga wa lishe, kipande chake cha boga na karanga chache zilizosagwa, na mtoa huduma aanze somo kwa kuwauliza wao watatengeneza nini. Unga utakaodondoka chini hautajaza hata kikombe kimoja. Bajeti ya lishe inaweza kuubeba, na kuku wa kijiji watashughulikia utakaobaki.